Dawa ya Mikorosho

Katika lugha yetu neno "dawa" limebebeshwa mzigo mkubwa. Kidonge cha malaria ni dawa, mizizi ya mganga ni dawa, na cha kuulia panya nacho ni dawa. Mtu akimeza cha kwanza hupona. Akimeza cha mwisho huzikwa. Kwetu Nachingwea na Ruangwa, ambako hata asiye na shamba kubwa hakosi mikorosho michache nyuma ya nyumba, tunayo pia dawa ya mikorosho. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza neno hili limetuficha mambo mangapi.

Historia ya ardhi yetu ina somo lake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, wakaja wataalamu, ikajengwa reli kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36. Waliokuja walikuwa na mashine na haraka, lakini hawakuwa wameuliza vya kutosha juu ya udongo na mvua.

Mkorosho haukuhitaji makeke hayo. Mti huu ulioletwa na Wareno kutoka Brazili ulienezwa kusini na wakulima wadogo kwa jembe la mkono, na katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kisha mambo yakageuka. Watu walihamishiwa vijijini mwaka 1974, na wengi wakaacha mikorosho yao mbali, vichaka vikaifunika. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaotanda kama unga juu ya majani machanga na maua, maua yakakauka na kuanguka kabla ya kutunga korosho. Kufikia 1986/87 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Asiyeishi kusini hawezi kujua tarakimu hiyo ilikuwa na maana gani nyumbani. Kwetu korosho ndiyo karo, ndiyo bati, ndiyo mahari.

Salfa ndiyo iliyotuokoa. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nimekuja kuitukana. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, walitufundisha kupulizia unga wa salfa tangu maua yanapoanza kutoka, kila baada ya majuma mawili hivi, hadi mara tano kwa msimu. Mavuno yakapanda tena, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Wala salfa si kitu kigeni duniani; Wafaransa waliitumia kuokoa mizabibu yao katika karne ya kumi na tisa. Ukiilinganisha na dawa nyingine za shambani, ni ya upole.

Lakini upole wake ndio uliotulaza usingizi. Kupulizia hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani. Kijana hubeba mashine mgongoni, huiwasha, na wingu la manjano hupanda hadi kileleni. Nimewaona wengi wakifanya kazi hiyo kwa shati la kawaida na kitambaa kilichofungwa puani, wengine bila hata hicho kitambaa. Salfa huwasha macho na ngozi, na huchokoza koo na mapafu. Mwenye pumu huteseka zaidi. Katika miezi ya Juni hadi Septemba kikohozi cha mpuliziaji huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi, kama malengelenge ya mkono wa mlimaji. Wingu hilo halijui mpaka wa shamba. Hutua juu ya paa, juu ya ndoo iliyoachwa wazi, juu ya nguo kwenye kamba. Kuku hudonoa chini ya miti hiyo hiyo, mbwa hulala kivulini pake, na baadaye mbuzi hula mabibo yaliyoanguka. Mifuko ya kilo 25 ikiisha salfa, nimeona ikikung'utwa na kutiwa mahindi.

Liko pia jambo lisilowasha jicho la mtu, nalo ni la udongo. Hesabu yake ni rahisi. Mkorosho mmoja hupewa kama robo kilo kwa kila mpulizo. Kwa mipulizo mitano inakuwa kilo moja na robo. Eka iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ina miti 28, yaani kilo 35 kwa msimu. Kwa miaka ishirini ni kilo 700 katika eka moja. Unga mwingi huishia ardhini, na humo bakteria huugeuza kuwa tindikali. Kilo moja ya salfa ikigeuka yote hutoa kilo tatu hivi za tindikali ya salfa. Udongo mwepesi wa kichanga, ulio mwingi huku kusini, hauna nguvu ya kuizuia. Watafiti walianza kulionya jambo hili tangu miaka ya 1990. Mkorosho wenyewe huvumilia, kwa hiyo mwenye shamba haoni kitu. Wanaoona ni mahindi na kunde zilizopandwa katikati ya miti, yaani chakula cha nyumba hiyo hiyo.

Zimekuja sasa dawa za maji, ambazo hazitoi vumbi jingi wala haziutii udongo tindikali kiasi hicho. Ni hatua njema, ila zina hatari yake. Ziko za ukungu na ziko za wadudu, na zote kwenye chupa hufanana. Zile za kuua mbu wa mikorosho, anayefyonza machipukizi na korosho changa, nyingine ni sumu kali kwa samaki na nyuki. Nao nyuki ni miongoni mwa wadudu wanaobeba chavua ya mkorosho. Anayepulizia wakati maua yamechanua anaweza kuwaua vibarua wasiomdai ujira. Kadhalika majimoto, wale sisimizi wekundu tunaowalaani wanapotuuma tukipanda mti, hushambulia mbu wa mikorosho, na watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba ni walinzi wazuri wa shamba. Na chupa tupu? Ikioshwa mara moja hutiwa mafuta ya taa au ya kula, ikarudi jikoni.

Sheria hazikukosekana. Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu ya Arusha iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ikaja sheria ya kulinda mimea ya 1997, na ile ya 2020 ikaunda mamlaka moja ya afya ya mimea na viuatilifu. Lakini sheria hukaa mjini, na mashine ya kupulizia iko Ruangwa alfajiri. Kila msimu tunasikia tani ngapi zimeuzwa na kwa bei gani mnadani. Sijawahi kusikia chama cha msingi kikisomewa mkutanoni hali ya udongo wa wanachama wake, au idadi ya vijana wao wanaokohoa. Mradi wa karanga ulikufa kwa kutouliza udongo, na ulikuwa wa wageni. Sisi hatuna kisingizio hicho.

Ningependa mambo madogo. Udongo upimwe, na penye tindikali itiwe chokaa. Mpuliziaji apewe barakoa na miwani pamoja na salfa, kwa hesabu ile ile ya pembejeo. Mfuko na chupa visirudi nyumbani. Na bwana shamba anapokuja kutufundisha, alitamke neno "sumu" bila haya. Wazee wetu waliijua tofauti: dawa huwa na kipimo chake, na hutolewa na mtu anayemjua mgonjwa.