Mbao Zilizotoka Baharini

Meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, lakini kazi ngumu ni ile ya nchi kavu. Ubao uliokaa majini karne karibu tatu hushikiliwa na maji yenyewe. Ukikauka ghafla hujikunja na kupasuka. Hulowekwa kwanza katika maji yasiyo na chumvi, yanayobadilishwa tena na tena, kisha katika nta iyeyukayo majini, nayo huchukua polepole nafasi ya maji. Kazi hiyo huchukua miezi, hata miaka, na ubao unastahili subira hiyo. Gofu la meli liliachwa sakafuni mwa bahari: mchangani, pasipo hewa, mbao huoza polepole zaidi.

Tafadhali usiguse. Jasho la mkono nalo lina chumvi.