Kinengenenge wa Chome: Miaka 80 ya Kutafuta Ukoo Wake

Ukiupita mpaka wa mashamba ya Chome na kuingia msitu wa Shengena, huenda ukawasikia kabla ya kuwaona: ndege wadogo wa kijani, koo la njano, tumbo la kijivu, jicho limezungukwa na pete nyeupe, wakipekua majani kundi zima kutafuta wadudu. Hao ni vinengenenge wa milima ya Pare Kusini, Tanzania. Nje ya milima hii hawapo popote duniani.

Mwaka 1934 William Lutley Sclater aliwapa jina Zosterops winifredae, kwa heshima ya Winifred Moreau, aliyeishi Amani, Usambara, na mumewe Reginald, mtafiti wa ndege. Mwaka 1957 Reginald alichapisha uchunguzi mkubwa wa jamii ya vinengenenge. Enzi hizo kipimo kilikuwa rula na jicho la mtaalamu: urefu wa bawa, rangi ya tumbo, upana wa ile pete. Vinengenenge wa milimani wanafanana mno, na kwa miongo kadhaa wa Chome akahesabiwa tawi tu la spishi iliyotapakaa kutoka Ethiopia hadi Tanzania. Uainishaji huo ulikuwa hatari kwake, kwani tawi likikauka, watu husema mti bado upo.

Jenetiki ndiyo iliyomtetea. Vizazi vikipita, mabadiliko madogo hulimbikizana kwenye DNA, na ukilinganisha ndege wa mlima huu na wa ule unajua nani ni ndugu wa nani. Mwaka 2014 Siobhan Cox na wenzake walionyesha kwamba vinengenenge wa milimani hawatoki kwa babu mmoja. Wengine wana undugu wa karibu zaidi na ndege wa tambarare kuliko na majirani wa mlima wa pili. Wa Chome akarudishiwa hadhi ya spishi kamili.

Baharini, swali hilohilo la undugu lilipata jibu tofauti. Utafiti wa 2016 kuhusu tumbawe Acropora tenuis, Kenya na Tanzania, ulikuta miamba mingi imeunganishwa na viluwiluwi wanaochukuliwa na mikondo, hivyo mwamba ulioharibika unaweza kupata mbegu kutoka kwa mwingine. Shengena haina mkondo wa namna hiyo. Kati yake na milima ya Taita, Kenya, kuna nyika kavu ya Mkomazi, na kinengenenge wa Taita ni spishi nyingine, hawezi kuletwa kuziba pengo. Miti ya mikulo ilikatwa sana humu Shengena kwa ajili ya mbao. Leo msitu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, zaidi ya hekta 14,000, na kila kipande kinachoungua au kufyekwa kinatoka kwenye makazi pekee aliyonayo ndege huyu.