Kimya cha Darasani

Wahenga wetu walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii hutujia kila tunapozifikiri habari za vijana wetu waliovuka bahari kutafuta elimu ya juu, wakafika na vyeti vizuri mkononi, kisha wakaketi kimya wakati wa majadiliano ya darasani. Wako waliodhani kuwa kimya kile ni upungufu wa akili, na wako waliodhani kuwa ni adabu ya Kiafrika iliyopita kiasi. Sisi twapenda kuonyesha kuwa kimya hicho kina historia yake, na kwamba mizizi yake iko huku nyumbani.

Tuanze na mwaka 1959. Mwezi wa Septemba mwaka huo, kwa juhudi za Tom Mboya na wafadhili wa Marekani, ndege iliwachukua wanafunzi 81 kwenda kusoma huko. Hata kufikia 1963, vijana wapatao 800, wengi wao Wakenya, walikuwa wamekwenda kwa mpango huo. Miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 ni Wangari Maathai, aliyesoma Kansas na baadaye akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Vijana hao hawakuwa wageni wa Kiingereza. Katika enzi ile mitihani ya Cambridge ndiyo iliyokuwa lango la kutokea katika sekondari zetu, na Kiingereza kilikuwa ufunguo wake.

Lakini Kiingereza cha mtihani ni cha kalamu. Mwenye kalamu hupata muda wa kufikiri, kufuta na kuandika upya. Majadiliano hayana subira hiyo. Mwanafunzi hana budi asikie, aelewe, atunge jibu, kisha apenye baina ya wasemaji wawili. Na sentensi inapokamilika kichwani mwake, mazungumzo yamekwisha hamia kwingine.

Aidha, lugha zenyewe zina tabia mbalimbali. Kiswahili kina irabu tano, hali Kiingereza kina zaidi ya kumi. Ndiyo maana neno la Kiingereza la meli na lile la kondoo husikika kama neno moja masikioni mwa wengi wetu. Mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo wao huhamahama. Tena "yeye" wetu ni wa mwanamume na wa mwanamke pia, bali Kiingereza huwatenga. Mtu akimtaja mama kwa kiwakilishi cha baba, darasa likaangua kicheko, huenda asifumbue kinywa tena wiki nzima.

Na kicheko hicho hakikuanzia ng'ambo. Sisi tunaoandika haya hatukuvuka sekondari, lakini twakikumbuka kibao kilichovishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyenaswa akisema Kiswahili. Kibao kile kilizunguka kutoka shingo hadi shingo, na hakikutufundisha Kiingereza. Kilitufundisha kunyamaza. Waliokuwa hodari wa kubuni na kubishana ndio walioanza kukaa nyuma.

Wasemao kuwa Mwafrika hakuzoea kujadiliana wanakosea. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, hoja kwa hoja. Mathias Mnyampala aliieneza ngonjera, ambayo kiini chake ni watu wawili kupingana mpaka ukweli ubainike. Barazani kwetu hata kijana husema, ilimradi aombe radhi ya wakubwa kwanza. Basi hoja tulikuwa nazo. Lililokosekana ni lugha ya kuzitolea.

Nchini Tanzania jambo hili lilitambuliwa mapema. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata Idara ya Kiswahili, ambamo masomo ya chuo kikuu yalifundishwa na kujadiliwa kwa lugha yetu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari na vyuo vikuu, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata leo mtoto hujifunza kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha akifika sekondari hutakiwa kufikiri kwa lugha nyingine.

Hatusemi Kiingereza kiachwe, maana anayesafiri hana budi kujua lugha ya mwenyeji wake. Twasema kifundishwe kama lugha, kwa kusemwa, wala kisiwe fimbo. Mwalimu na awape wanafunzi maswali siku moja kabla, wakatayarishe maneno yao. Awaache wajadiliane kwanza wawili wawili, ndipo wasimame mbele ya wote. Na asahihishe kosa baada ya kuisikia hoja, wala si kabla. Nawe mwanafunzi, kumbuka kuwa kuuliza si ujinga. Siku utakapoketi katika ukumbi wa kigeni, sema sentensi yako fupi mapema, kabla mazungumzo hayajapamba moto. Kosa la sarufi litasahauliwa kesho, bali hoja isiyotamkwa hakuna atakayejua kuwa ilikuwapo.