Kutoka Mapipa ya Bia ya Leeds Hadi Tangi Langu la Samaki

Leo naweka kodi kando kidogo.

Mezani kwangu nina tangi la lita 40, samaki sita na mimea. Mimea ilikuwa inadhoofika, nikaambiwa inataka kabonidayoksaidi. Basi nikatia maji, sukari na hamira kwenye chupa ya soda, nikapitisha mpira mwembamba hadi ndani ya tangi. Viputo vikubwa vikapanda mbio, vikafika juu, vikapasuka. Wiki mbili, mimea ni ile ile! Kosa langu lilikuwa nini? Jibu lake lina zaidi ya miaka 250.

Mwaka 1767 Joseph Priestley, mhubiri aliyependa majaribio, alikuwa jirani ya kiwanda cha bia mjini Leeds, Uingereza. Juu ya mapipa ya bia iliyokuwa ikichacha kulitanda gesi nzito, ndiyo hiyo kabonidayoksaidi, kazi ya hamira kama kwenye chupa yangu. Priestley aligundua kwamba akimimina maji kutoka glasi moja hadi nyingine ndani ya gesi hiyo, kwa dakika chache tu yanapata ladha ya kuchangamka. Mwaka 1772 akachapisha kijitabu kueleza jinsi ya kupata gesi kutoka kwa chaki na asidi, kisha kuitikisa pamoja na maji. Soda tunayokunywa ina asili huko.

Ujanja wake ni upi? Hakuongeza gesi. Aliongeza nafasi ya gesi na maji kugusana.

Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba majani yakiwa majini hutoa viputo vya oksijeni yakipata mwanga. Jean Senebier wa Geneva akaendelea mwaka 1782: kwenye maji yaliyochemshwa, ambayo gesi imetoka, viputo hivyo havionekani, ukirudisha kabonidayoksaidi, vinarudi. Yaani mmea hushiba gesi iliyoyeyuka. Kiputo kinachopita mbio ni hasara tupu.

Karne ya 20, Takashi Amano wa Japani, mpiga picha aliyesifika kwa matangi yake ya mimea, alifuata kanuni hiyo. Kampuni yake iliuza vifaa vya kioo vyenye kisahani cha kauri kinachotoa viputo vidogo kama vumbi. Hesabu ni rahisi: kiputo cha milimita 4 ukikigawanya kuwa viputo vya nusu milimita, unapata 512, na eneo la kugusana na maji linakuwa mara 8. Tena vidogo hupanda polepole.

Kauri hutaka msukumo mkubwa kuliko wa chupa yangu. Kwa hivyo nikauleta mpira kwenye mdomo wa pampu ya kuchujia maji, panga zake zikavikatakata viputo. Baada ya wiki tatu machipukizi yakatoka.

Lakini asubuhi moja nilikuta samaki wote juu, wanatweta. Usiku mimea hailI gesi, na hamira hailali! Nilitoa mpira upesi, nikakoroga maji juu ili gesi itoke, wakapona wote. Siku hizi nautoa kila jioni na kuuacha nje ya tangi, bila kuziba chupa, maana chupa iliyozibwa hupasuka.

Priestley alikuwa na bahati: glasi yake haikuwa na samaki. Tuonane tena.