Pangaboi na Mkono wa Binadamu

Msomaji, ukiinua macho katika nyumba nyingi za Mombasa, Malindi au Lamu, utaona darini chombo chenye mbawa tatu au nne kikizunguka kwa utulivu. Jina lake ni feni. Wengine hukiita pangaboi. Kimekuwa chombo cha kawaida hata ni wachache wanaojiuliza asili yake. Lakini historia haikai katika vita na enzi za wafalme peke yake. Hukaa pia katika vyombo vya nyumbani, na mwenye kuvichungua hukuta ndani yake habari za watu: nani alistarehe, na nani alitoka jasho ili mwingine astarehe.

Kwanza yafaa tuijue kazi ya feni. Watu wengi hudhani kwamba feni huipoza hewa. Sivyo. Ngozi ya binadamu hutoa jasho, na jasho likikauka huchukua joto la mwili. Hewa iliyotuama karibu na ngozi hujaa unyevu, na jasho hukawia kukauka. Hewa hiyo ikisukumwa, jasho hukauka upesi na mtu huona baridi. Kwa hiyo kuiacha feni ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kupoteza umeme bure, kwa maana chumba hakipungui joto hata kidogo.

Siri hiyo binadamu aliitumia kabla ya kuielewa. Katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lililogunduliwa mwaka 1922, yalikutwa mapepeo ya dhahabu yaliyokuwa yametiwa manyoya ya mbuni. Mfalme huyo alikufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Wafalme hawakujipepea, walipepewa.

Desturi hiyo ilizidi kukua katika Bara Hindi, hasa Waingereza walipolitawala. Katika majumba yao na mahakama zao walitundika panka, yaani kitambaa kipana kilichowambwa kwenye ubao mrefu na kuning'inizwa darini. Kamba ilifungwa ubaoni, ikapitishwa katika tundu la ukuta mpaka barazani. Huko nje aliketi mtu, kazi yake kuvuta na kulegeza, kuvuta na kulegeza, mchana kutwa na pengine usiku kucha. Wengine waliifunga kamba mguuni ili mkono upate kupumzika. Bwana alilala ndani; mvutaji hakuwa na ruhusa ya kulala. Ujira wake ulikuwa mdogo, na alipopitiwa na usingizi alikemewa, pengine akapigwa. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mvuta panka alichumia juani, lakini kivulini alikaa mwingine.

Sasa tega sikio ulisikie neno pangaboi. Mimi nikilitamka husikia ndani yake maneno mawili: panka, na boi, jina ambalo watawala walimwitia mtumishi hata kama alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Mwingine atasikia panga, kwa kuwa mbawa za chombo hiki zafanana na mapanga. Vyovyote iwavyo, kumbuka kwamba kabla ya mbawa palikuwa na mkono.

Mkono huo ulipata mrithi huko Marekani. Hapo kwanza palikuwa na feni za darini zilizozungushwa kwa nguvu za maji: maji yaligeuza gurudumu, na mikanda ikapeleka mwendo huo kwenye mbawa. Zilifaa katika maduka na kumbi za kulia chakula, lakini nani angeweza kuyaingiza maji na mikanda hiyo katika chumba chake cha kulala? Mwaka 1882 Thomas Edison alifungua kituo cha umeme katika mtaa wa Pearl mjini New York. Katika miaka hiyo hiyo kijana Schuyler Wheeler alitia mbawa mbili kwenye mota ndogo ya umeme, ikawa feni ya mezani.

Aliyeipandisha darini ni Philip Diehl, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi katika kiwanda cha cherehani za Singer. Alichukua mota ya cherehani, akaitia mbawa, akaitundika juu. Na mwaka 1887 akapata hati ya kuilinda kazi yake. Baadaye aliongeza taa, hata chombo kimoja kikatoa mwanga na upepo pamoja. Hapo ndipo urembo ulipoanza. Mafundi walitia shaba na mbao zilizochongwa, kwa sababu chombo kinachotazamwa na kila aingiaye hakiwi kibaya ila mwenye nyumba ataona haya.

Umeme ulifika Calcutta mwaka 1899, na polepole feni zikachukua mahali pa panka. Pwani yetu nayo haikuachwa nyuma: mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alileta Mombasa mtambo wa umeme uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar.

Huko Marekani feni za darini zilikaribia kusahauliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu walipoanza kununua mashine za kupoza hewa. Kisha mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda ghafula, na kila mtu akaanza kuhesabu gharama. Feni ya darini hutumia wati 70 hivi. Mashine ya kupoza chumba hutumia wati 1,000 na zaidi. Feni ikarudi kwa heshima, safari hii ikiwa na vioo, rangi na nakshi za kila namna.

Lakini, msomaji, mvuta panka alipata nini? Mashine ilimwondolea mateso, na siku ile ile ikamwondolea ujira. Mwenye nyumba alipata upepo bora. Mvutaji alitoka barazani mikono mitupu, na hakuna aliyeandika jina lake. Mashine haina huruma wala uonevu. Huruma na uonevu ni vya watu wanaoitumia. Kila chombo kipya kijapo, tusiulize tu kitafanya kazi gani. Tuulize pia ni nani aliyekuwa akiifanya kazi hiyo jana, na kesho atakula nini.