Aibu, Hofu na Nidhamu ya Kanisa: Mfano wa Mwambao wa Lundo

Nidhamu ya Kikristo katika nchi yetu imezoeleka kuelezwa kwa habari za waliotengwa na kurudishwa. Katika makala hii tunapenda kuwatazama wale ambao hawakurudi, si kwa ukaidi, bali kwa hofu ya aibu. Tunauchukua mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Lundo, uliokuwa Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012.

Injili ilienezwa huko kwa njia ya maji. Meli ya UMCA, Chauncy Maples, ilishushwa ziwani mwaka 1901, naye William Percival Johnson alivizungukia vijiji vya pwani hata akafariki Liuli mwaka 1928. Misheni hiyo ya Kianglikana, kama zile zetu za Kilutheri, ilitumia kutenga: mkosaji alizuiwa Meza ya Bwana mpaka atubu. Katika kijiji cha wavuvi, ambako wote huanika usipa pwani moja, adhabu hiyo haikuishia mlangoni pa kanisa.

Lugha yetu hutofautisha mambo haya vizuri. Haya humzuia mtu asitende baya. Aibu humpata akiisha kutenda. Lakini yuko mtu ambaye aibu humtangulia: huiona machoni pa watu kabla hawajanena, hujihesabu duni, huepuka kikao, arusi, hata msiba. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya kumi ya magonjwa, liliitaja hali hiyo kati ya kasoro za nafsi. Orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022 imeliacha jina hilo na kupima uzito wa kasoro.

Kwa maoni yetu, toba ya hadharani ilimfaa mwenye moyo mgumu. Huyu mwingine ilimtisha, akabaki nyumbani, na kutokuja kwake kulifanana na uasi.

Ni kweli, Lutindi huko Usambara, makao ya watoto waliokombolewa utumwani tangu mwaka 1896, yalianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904. Lakini ugonjwa wa kujificha haupigi kelele.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 11, lilitaka ondoleo la faragha lidumishwe, wala halikudai dhambi zote zihesabiwe. UMCA nao walilijua ungamo la siri mbele ya padre. Hata hivyo, kilichokumbukwa vijijini ni benchi la waliotengwa.