Equator Sound: Bendi ya Tuisti

Muziki ambao wakazi wa Mowlem na mitaa mingine ya Eastlands, Nairobi, huuita zilizopendwa, yaani nyimbo za zamani zinazoendelea kuchezwa, unadaiwa mengi na Equator Sound, bendi ya studio ya Charles Worrod jijini humo katika miaka ya 1960, iliyowakusanya Fadhili William, Daudi Kabaka na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Bendi iliunganisha tuisti ya Marekani na kwela ya vitongoji vya Afrika Kusini, ikiitoa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande. Mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza liliurekodi upya wimbo “Helule Helule” wa Kabaka, heshima adimu kwa mtunzi wa Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kabaka alijitenga, bendi mpya ya African Eagles ikazaliwa, na Equator Sound ikasambaratika.